Ng'ambo ya Tope

Mvua za Septemba zikishakolea, bonde lililo kati ya Kwapa na Buteba hugeuka kuwa tope tupu. Wenye mashamba ya mpunga huingiza maksai, udongo hupinduliwa na kukanyagwa hadi ulainike kama uji, kisha kila mtu hurudi kwake juu kungoja miche ikomae kitaluni. Siku hizo za kungoja bonde halina mwenyewe. Ndipo ndege huingia.

Siwasemi wa hapa. Wa hapa wanajulikana, yangeyange anayemfuata ng'ombe nyuma siku nzima, na korongo taji wanaotembea wawili wawili kwa maringo. Hao ninaowasema ni wadogo, rangi ya udongo, miguu mirefu kuliko inavyohitajika, midomo myembamba kama sindano ya kushonea magunia. Wanatoka kaskazini ya mbali, huko maji yanakoganda, na wengine hupita hapa wakaenda hadi kusini kabisa mwa Afrika. Watu wa pwani wana majina yao mazuri, chekeamwezi na kitwitwi. Sisi tunawaita ndege wa tope, imetosha. Ukipita barabarani na pikipiki huwezi kuwaona. Lazima uchuchumae juu ya tuta, utulie, uache mvua ikupige mgongoni, na baada ya muda unaona tope lenyewe limeanza kutembea.

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kiko Busia mjini, na nyumbani kwangu ni Kwapa, kwenye mteremko unaotazama hilo bonde. Nilisomea ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya, kwa mjomba, ndiyo sababu Kiswahili changu kimenyooka kidogo kuliko cha majirani, nao hawaachi kunitania kwa hilo. Sina subira. Mteja akinirudishia suruali mara ya pili tunaanza kutazamana vibaya. Kwa hiyo anayenifahamu hushangaa akisikia kwamba ninaweza kuchuchumaa alasiri nzima nikitazama ndege ambao hata ukiwachoma hawatoshi mboga. Mke wangu ndiye aliyeniambukiza. Aliniachia ugonjwa, akaondoka.

Yeye ni wa ng'ambo ya bonde, upande wa Buteba. Utotoni kazi yake ilikuwa ile ya watoto wote wa kule, kufukuza ndege kwenye mpunga, na mama yake alimfundisha mapema kutofautisha. Kwelea anakula nafaka, huyo mrushie tope. Hawa wa miguu mirefu wanakula minyoo na wadudu, hawa waache. Akawaacha, na katika kuwaacha akawapenda. Mwaka wetu wa kwanza wa ndoa alikuwa jikoni akisonga atap, huo ugali wetu wa wimbi na muhogo, nikasikia mwiko umeanguka. Mluzi ulikuwa umepita juu ya nyumba, mkali na wa haraka haraka. "Wamefika!" akapiga kelele, akatoka mbio kuelekea bondeni bila viatu. Siku hiyo nilikula ugali mbichi, nikanuna mpaka jioni. Mwaka uliofuata nilikuwa ninakimbia nyuma yake.

Halafu akaenda Uarabuni. Sitaeleza tulivyoamua, maana kila kijiji hapa kina nyumba iliyowahi kuketi na kuamua vivyo hivyo, na maneno ni yale yale. Miaka miwili, tulisema. Ikaisha, akaongeza mingine miwili. Anamtunza bikizee asiyeweza kutembea, katika nyumba kubwa iliyo karibu na bahari. Simu za video wala picha haruhusiwi, wenye nyumba hawataki ndani kwao kuonekane. Anaruhusiwa sauti tu, alasiri ya Ijumaa, familia inapokuwa imetoka. Sauti yenyewe inanifikia kama imepitia kwenye debe. Naipenda hivyo hivyo.

Ijumaa moja ya mwaka wake wa kwanza huko, nikiwa bado nimeshika mkasi, aliniambia, "Wako huku."

"Kina nani?"

"Ndege wetu. Nilimtoa bibi ufukoni na kiti chake cha magurudumu, nikawaona. Maji yakikupwa wanajaa kwenye matope. Wakitoka hapa wanakuja kwako."

Nilitaka kusema neno tamu. Nilikuwa nalo kabisa mdomoni. Nikasema, "Basi si uwafuate."

Halafu akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayekujua. "Wewe," akasema, "hata kunikumbuka kwako ni ugomvi."

Ni kweli. Ndege walipofika wiki kadhaa baadaye niliwatazama kwa wivu mtupu. Walikuwa wamemwona. Pengine alisimama karibu nao akaongea nao, maana ana tabia hiyo, nao sasa wako mbele yangu wanachokonoa tope kama hawamjui. Nilimkumbuka mke wangu hadi kifua kikaniuma, na sisemi kwa mfano. Nilikwenda zahanati nikapimwa, nikaambiwa sina kitu.

Sasa lazima nieleze habari ya mama mkwe, la sivyo mengine hayataeleweka. Kwetu Wateso mwanamume na mama wa mke wake hawatazamani usoni. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kichakani. Humpi mkono, huketi alipoketi, huli mbele yake. Wageni wakisikia wanadhani ni chuki. Ni heshima, tena kubwa. Siku ya posa mama mkwe alikuwa jikoni, mlango umerudishwa. Siku ya harusi aliketi nyuma ya shangazi zake wanene. Vijana wa siku hizi wanapuuza, wanapiga picha na wakwe zao wamekumbatiana, lakini yeye hakupuuza, na mimi nisingethubutu kumtangulia. Kama polisi wangeniuliza mama mkwe wangu anafananaje, baada ya ndoa ya miaka yote hiyo, ningejibu kwamba hujifunga leso ya njano kiunoni na anatembea haraka.

Mwaka ule wa kwanza wa upweke nilishuka bondeni mvua ikiwa bado inanyesha. Nilikunja suruali nikaingia katikati ya tope ili niwasogelee wale wadogo kabisa, wanaokimbia ukingoni mwa maji kama wamechelewa kanisani. Ghafla nikaona leso ya njano inakuja juu ya tuta la upande wa pili. Nikafanya anachopaswa kufanya mkwe mwenye adabu, nikakimbia. Tope la mpunga halikimbiliki. Mguu wa kulia ulitoka, wa kushoto ukabaki, nikaanguka kifudifudi, na ndege wote wakaruka wakipiga miluzi. Nilipoinua kichwa na kupangusa jicho moja, niliona mgongo wake. Alikuwa amenigeuzia kwa heshima zote, na huo mgongo ulikuwa unatikisika kwa kicheko.

Hakuondoka. Mimi nami nilikuwa nimeshachafuka, sikuwa na cha kupoteza. Nilirudi kwenye tuta la upande wangu, yeye akachuchumaa kwenye lake, gunia amelikunja kichwani kujikinga na mvua, na kati yetu tope la upana wa uwanja wa mpira. Ndege wakarudi, kwanza mmoja, halafu kundi zima likazunguka juu yetu na kutua. Tukawatazama. Mtu anayetazama ndege hajamtazama mkwe, kwa hiyo hapakuwa na mwiko uliovunjwa. Nilijua kilichomleta pale, maana hakuna mwanamke wa umri wake anayeshuka bondeni kwenye mvua bila jembe. Alikuwa anamtafuta bintiye, kama mimi.

Tukazoeana hivyo kwa ukimya. Siku nisizokuwa na nguo za haraka za kumaliza nilifunga kibanda mapema, nikashuka, na mara nyingi nilimkuta ameshafika. Ndipo siku moja akasema neno. Hakuniambia mimi.

"Nyinyi ndege," akaita kwa sauti ya sokoni, "huko mulitoka, muliona mutoto yangu?"

Alisema kwa Kiswahili. Nyumbani kwake hutumia Kiateso tu, lakini aliuza dagaa Busia miaka mingi, na Kiswahili cha mpakani, ambamo 'anakuja' na 'wanakuja' vyote ni 'nakuja', kinamtoka bila kukwaruza. Nadhani alikichagua makusudi. Kiateso kinajua nani ni mkwe wa nani, kila salamu ina mahali pake. Kiswahili kwetu ni lugha ya mizani na mizigo, mtu anaweza kumwambia yeyote neno lolote akaenda zake.

Nikakohoa. "Nyinyi ndege," nikasema, "mwambieni anayeuliza kwamba alipiga simu Ijumaa. Hajambo. Anasema ameongezeka mwili kidogo."

"Nyinyi ndege, hiyo nyumba nampea chakula gani?"

"Wali na kuku, ndege. Kila siku. Amechoka nao, anataka atap."

"Huyo ni wangu kabisa," akawaambia ndege kwa fahari.

Basi ikawa ndiyo njia yetu. Tangu Septemba hadi Aprili, miaka yote hii, tumezungumza na ndege wale mambo ambayo mimi sijamwambia hata ndugu yangu wa tumbo moja. Aliwauliza kama watoto wetu wawili, walio shule ya bweni Tororo, wanakula vizuri. Aliwaeleza kwamba mguu unamsumbua na kwamba jirani yake ni mwongo. Kunisema pia alinisema. "Nyinyi ndege, kuna mutu hapa nanyoa ndevu mara moja kwa mwezi. Bibi yake akirudi atafikiri ni mwizi." Nikawauliza ndege, mtu asiyetazama wakwe ameziona vipi ndevu? Ndege hawakujibu, na yeye akapata kazi ya kufunga upya leso yake.

Kuwatazama alikujua kuliko mimi. Alinionyesha, kupitia kwao, kwamba mvua ikija na upepo wote hugeukia inakotoka, midomo mbele, ili maji yasiingie chini ya manyoya. Kwamba yule anayetikisa mkia bila kupumzika hapendi wenzake na hukaa peke yake kwenye kona ya shamba. Kwamba wale wenye miguu myekundu mirefu huchagua maji ya kina, na wafupi wanabaki ukingoni, na hakuna anayegombania mahali pa mwingine. Nilikuwa nikirudi nyumbani nimelowa hadi mifupani, na nyumba haina mtu, lakini kifua kimelegea kidogo.

Shida ilikuwa sauti ya bintiye. Simu yake yeye ni ile ndogo ya tochi, haipokei simu za mtandao, na mke wangu hupiga kwa mtandao tu. Kumpa yangu mkononi ilikuwa haiwezekani. Kumtuma mtu mwingine bondeni Ijumaa zote pia haikuwezekana. Tukatengeneza utaratibu. Katikati ya bonde kuna tuta linalokatiza kutoka upande mmoja hadi mwingine, na juu yake pana kichuguu kilichobomoka. Simu ikilia ninapokea, ninamwambia mke wangu, "Ngoja, nakupeleka kwa mama." Natembea juu ya tuta hadi kichuguuni, naiweka simu juu ya mfuko wa mbolea ili isilowe, nafungua spika, narudi upande wangu. Nikishafika, yeye anatoka upande wake. Anaongea ameinama juu ya ile simu bila kuishika, mikono nyuma, utadhani ni mtoto mchanga amelala. Akimaliza anaifunika na jani la yugwa, anarudi kwake, nami naenda kuichukua. Ndege hawakututilia maanani hata kidogo. Mke wangu alicheka sana nilipomsimulia, halafu akalia, halafu dakika zikaisha.

Mwaka jana, mvua za mwisho, palikuwa na siku mtandao ulikatika kabla hata sijafika kichuguuni. Mama mkwe alikuwa ameshasimama, tayari kutembea. Alirudi kuchuchumaa taratibu. Nilikasirika, nikataka kuitupa ile simu majini, na kwa kuwa hapakuwa na wa kugombana naye niligombana na ndege.

"Nyinyi ndege," nikapiga kelele, "mnakwenda na kurudi, mnamwona, na mimi hapa nimeanza kusahau uso wake! Nafumba macho, naona nywele, naona gauni nililomshonea, katikati hakuna kitu. Nina picha moja ya pasipoti, na hata hiyo si yeye, kwenye picha hiyo kila mtu anakuwa mtuhumiwa. Mke wangu mwenyewe! Nimesahau!"

Wakaruka wote. Nilipotulia niliona haya kwa kupayuka vile mbele ya mama wa mtu. Baadaye kidogo leso ya njano iliinuka ikapanda mlima, na sikumlaumu.

Mwaka huu mambo yalitakiwa kuwa tofauti. Mkataba ulikuwa unaisha, na Ijumaa moja ya Januari mke wangu alisema waziwazi kwamba anarudi na mvua za Aprili. Nilimpa mama yake habari kupitia ndege, nikisahau hata kukohoa kwanza, naye alipiga kigelegele kilichoacha bonde tupu. Tangu hapo hatukuzungumzia kitu kingine. Aliwaambia ndege kwamba ameanza kufuga kuku watatu ambao hakuna mtu mwingine atakayewagusa. Mimi nilinunua kitambaa cha zambarau nikaanza kumshonea gomesi, lile gauni refu la heshima la wanawake wa kwetu. Nilikata kwa kipimo nilichokuwa nacho kichwani, halafu nikakumbuka kwamba ameongezeka mwili, nikaacha nafasi ubavuni ya kufumulia. Wateja wakaona gomesi hiyo imetundikwa wakataka kuinunua, nikawajibu vibaya.

Machi ikaisha, bonde likalimwa tena kwa msimu mpya, na ndege wakaanza kubadilika. Huwa hivyo kila wakikaribia kuondoka. Wale wa rangi ya udongo huanza kuwa wekundu kifuani, kidogo kidogo, hadi huwatambui. Hula kwa pupa tangu asubuhi, hawana muda wa kusimama kwa mguu mmoja, wananenepa mpaka wanaonekana duara. Miaka iliyopita wekundu huo ulinitia huzuni, kwa sababu ulimaanisha nitabaki peke yangu na mpunga. Mwaka huu niliufurahia. Wao waende, nilijisemea, wangu anakuja.

Aliponipigia ilikuwa Jumanne. Nilijua kabla sijapokea kwamba si heri, maana Jumanne haikuwa siku yetu.

"Baba watoto, usinikasirikie," akasema.

"Sijakasirika."

"Umekasirika. Nasikia unavyopumua."

"Sema basi."

"Nimekubali tena. Miaka miwili mingine."

Nilisimama. Cherehani ilikuwa bado inazunguka yenyewe, ikanikatia uzi. Alieleza haraka haraka, kama mtu aliyeyakariri. Kwamba binti yetu mkubwa anamaliza shule mwaka huu na anataka uuguzi, na uuguzi hausomwi kwa kushonea watu suruali. Kwamba yule bikizee hali chakula kutoka mkono mwingine wowote, na watoto wake wamemwomba sana.

"Huyo bibi ana watoto wake!" nilipiga kelele. Watu wawili waliokuwa wakingojea nguo walitoka nje.

"Na mimi nina wangu," akasema.

Ni kweli, na ni kwa ajili yao tulikubaliana tangu mwanzo. Nilimwambia nimechoka. Akasema amechoka pia. Nilimwambia namtaka nyumbani, nilisema hivyo hivyo kwa maneno mafupi, kitu ambacho sikuwahi kukisema kwa miaka yote ya Ijumaa.

"Mwambie mama," akasema mwishoni. "Mimi nikiisikia sauti yake sitaweza. Nitarudi, na tutaharibu kila kitu. Mwambie wewe."

Nilifunga kibanda. Mvua ilianza nikiwa njiani, ile mvua nzito ya Aprili isiyo na upepo, na nilipofika bondeni tope lilikuwa linachemka kwa matone. Ndege walikuwepo kwa mamia, wekundu, wanene, wanakula bila kuinua vichwa. Wangeondoka kesho au keshokutwa. Ng'ambo, kwenye tuta lake, mama mkwe alikuwa amechuchumaa na gunia kichwani. Nilichuchumaa kwangu. Nilitamani mvua izidi tusisikilizane.

"Nyinyi ndege," akaita, na sauti ilikuwa na furaha ndani yake, "huyo mutu nakuja siku gani? Kuku iko tayari."

Nikawatazama ndege, na kwa mara ya kwanza nikaona upumbavu wa kuwaambia kitu.

"Nyinyi ndege," nikasema. Mvua ikanifunika sauti, nikarudia. "Nyinyi ndege, mwambieni mama kwamba haji. Ameongeza miaka miwili. Amesema nimwambie mimi, kwa sababu yeye hawezi."

Mvua iliendelea. Niliangalia tope mbele ya miguu yangu, nikahesabu kwamba ataondoka, kama alivyoondoka mwaka jana, na kwamba nitabaki pale mpaka giza. Badala yake nikasikia ndege wameruka. Si kundi moja, wote, bonde zima, miluzi juu ya miluzi. Nikainua macho. Alikuwa ameingia kwenye tope. Hakupita kwenye tuta. Alikuwa anakata katikati ya mashamba yaliyolimwa, tope hadi magotini, leso imeshikiliwa juu kwa mkono mmoja, anakuja moja kwa moja nilipo.

Nilitafuta pa kujificha. Hapakuwa na kichaka wala mti upande wangu, palikuwa na tuta tu na maji. Nikafanya nilichofundishwa, nikasimama, nikampa mgongo, nikainamisha kichwa. Nilisikia miguu yake ikichomoka topeni, mmoja, halafu mwingine, hadi ikapanda tuta na kusimama. Alikuwa karibu kiasi cha kusikia anavyohema.

"Geuka," akasema. Hapakuwa na ndege hata mmoja wa kuambiwa.

"Mama, haifai."

"Hiyo heshima mimi naijua kushinda wewe. Geuka, mutoto yangu."

Nikageuka, macho chini. Niliona miguu yake kwanza, tope limeigeuza rangi moja hadi juu. Niliona mkono wake unapanda, unavua gunia kichwani, unaliachia lianguke.

"Mwaka jana uliambia ndege umesahau uso ya mutoto yangu," akasema. "Mimi nilisikia. Nilienda nyumbani nikakosa kulala. Tangu akiwa mudogo watu yote nasema huyu ni mama yake kabisa. Basi angalia."

Nikainua macho.

Lile jicho la kushoto linalofunguka kidogo kuliko la kulia. Mwanya katikati ya meno. Kidevu kinachokazwa kabla ya kilio, kikazwe zaidi, kisha kisiweze. Vyote vilikuwa pale, vimezeeka tu, na katikati ya paji la uso ule mstari mmoja ambao mke wangu hupata ninapomgombeza. Miaka yote hiyo nilikuwa nikiutafuta uso huu kwenye picha ya pasipoti. Nilisema jina la mke wangu kwa sauti, sikujizuia, na yeye akaitikia kwa kichwa kama anayeitwa.

Maji yalikuwa yanamtiririka usoni na hakuyapangusa. Alisimama wima, mikono ubavuni, kama mteja anayepimwa nguo, akaniacha nitazame. Nilimtazama muda mrefu, mvua ikitunyeshea sote wawili, na sikushiba.